Mafaili Kumi na Moja Juu ya Kompyuta

Kompyuta ya ofisi yetu ya usajili wa vizazi ilianza kutetemeka Jumatatu asubuhi, na ilipofika saa nne ilikuwa imejisogeza yenyewe kutoka ukingoni mwa meza hadi katikati. Kikombe cha chai kilichokuwa jirani yake kiligongana na kisahani kama meno ya mtu mwenye homa. Skrini ikawa inazima na kuwaka inavyotaka. Afisa wetu alirudisha kiti nyuma, akakunja mikono, akaitazama kama anayemsubiri mlevi amalize kusema.

Afisa huyo sisi wa chini tunamwita Bwana Utaratibu. Analijua jina hilo na nadhani linampendeza.

Mimi ni mhudumu. Nafagia, napeleka barua, nachemsha chai. Kabla ya hapo nilitengeneza feni na redio kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nyuma ya kompyuta, sehemu ya juu, kuna kisanduku cha chuma ambacho mafundi wanakiita pawa saplai. Kinapokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, na kina feni yake ya kujipoza. Kinashikwa na skrubu nne. Chetu kilikuwa na moja, nayo imelegea. Panga moja la feni lilikuwa limebeba bonge la vumbi, kwa hiyo feni ilizunguka ikiyumba, kisanduku kikayumba nayo, na kompyuta nzima ikafuata.

"Bosi, hii ni kazi ya robo saa," nilimwambia. "Nina bisibisi nyumbani."

"Una cheti cha kompyuta?"

"Nina macho."

"Macho hayaambatanishwi kwenye faili," alisema, akaandika ripoti kwenda makao makuu kuomba mtaalamu.

Mchana ule alijipatia dawa yake mwenyewe. Alitaka nafasi ya kuandikia, akachukua rundo la mafaili yaliyokuwa mezani na kulitua kwa hasira juu ya kompyuta. Mtetemo ukapungua. Akaongeza faili moja, ukapungua zaidi. Mafaili yalipofika kumi na moja, skrini ilitulia kabisa. Bwana Utaratibu alitabasamu, kitu ambacho sikuwa nimekiona katika miaka miwili niliyofanya kazi pale. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani: KOMPYUTA ITUMIKE IKIWA NA MAFAILI KUMI NA MOJA, SI PUNGUFU.

Sasa, mafaili hayo ndiyo yalikuwa kazi ya wiki. Ndani yake mlikuwa na maombi ya watu. Ukitoa faili moja ulishughulikie, yanabaki kumi, na skrini inazima. Ukilirudisha, skrini inawaka, lakini faili liko juu na huwezi kulisoma. Kompyuta yetu ikawa inafanya kazi vizuri sana mradi asihudumiwe mtu. Nilipomuuliza kwa nini asiweke mafaili ya zamani, alinijibu kwamba hayo yameshafungwa, na faili lililofungwa halitoki kabatini bila barua. Jumanne na Jumatano alikaa mbele ya skrini inayowaka, mikono juu ya magoti. Jioni alijaza kitabu cha siku: Mashine inafanya kazi.

Faili la nne kutoka chini lilikuwa la binti yangu.

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Tangu azaliwe nilikuwa nasema cheti chake nitakifuatilia kesho, na miaka miwili ya mwisho nilikuwa naifagia ofisi yenyewe. Kisha shule ikatangaza kwamba asiye na cheti cha kuzaliwa hataandikishwa kwa mtihani, na orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Mimi niliacha shule darasa la sita, na sikuacha kwa kupenda. Nikaona huyu naye atakwamia hapohapo, na safari hii si kwa shida ya nyumbani bali kwa sababu faili lake ni zito vya kutosha kutuliza feni.

Alhamisi jioni aliniuliza, "Baba, si uko humohumo ndani? Huwezi kulivuta tu?"

"Nikilivuta, skrini inazima."

"Kwa hiyo mimi ni jiwe."

Nilikwenda kutafuta bisibisi.

Ijumaa nilifika saa kumi na mbili na nusu, saa yangu ya kufagia. Nilishusha mafaili, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe. Kisanduku chenyewe sikukifungua, maana hicho hutunza umeme hata kikichomolewa na kinaweza kukulaza chini. Kazi yote niliifanya kwa nje. Kwa brashi ya rangi niliyoipunguza nywele nilipenya kwenye wavu wa feni na kulitoa lile bonge la vumbi, kubwa kama punje ya mahindi. Nilikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikavipachika kati ya kisanduku na bati la kompyuta, nikakaza skrubu iliyokuwepo na kuongeza tatu za redio kuukuu. Nikawasha. Ikabidi niinamishe sikio ndipo nisikie kama inafanya kazi.

Binti yangu alifika saa mbili na sare yake, fomu ya shule mkononi, akakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Bwana Utaratibu aliingia, akatundika koti, akasimama.

"Nani ameizima?"

"Haijazimwa, bosi. Imepona."

Aliweka kiganja juu yake kama anayempima mtoto joto. Uso ukamkunjamana. "Umeigusa?"

"Nimeikaza skrubu."

"Mimi nimeripoti kompyuta inayotetemeka," alisema polepole. "Mtaalamu akija akute hii imetulia, mimi nitakuwa nimeripoti uongo. Hii kompyuta haimo kwenye ripoti yangu. Siwezi kuitumia mpaka aje kuitambua."

"Atakuja lini?"

"Hilo halimo kwenye barua."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga mgongoni akacheka kwa sauti. "Kaka, huyu wangu ataingia darasa la kwanza nyinyi bado mnachunguza kama amezaliwa."

"Mama, tuheshimiane," alisema Bwana Utaratibu, akakaa, akafungua gazeti.

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Binti yangu alinitazama, akaitazama fomu, akanitazama tena. Saa nne na nusu nilikwenda mezani.

"Bosi, ikitetemeka utafanya kazi?"

"Ikitetemeka, nitafanya kazi kwa utaratibu uliopo."

Nilitoa bisibisi mfukoni. Mbele ya benchi zima nikachomoa waya wa umeme, nikang'oa vipande vya mpira, nikatoa skrubu tatu na kuilegeza ya nne. Bila lile vumbi haingetikisika vya kutosha, kwa hiyo nikabandika kijipande cha gamu ya kutafuna kwenye panga moja. Niliiomba kwa kijana mmoja wa foleni, aliitoa kinywani mwenyewe. Nikawasha. Kompyuta ikaruka kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Bwana Utaratibu akakunja gazeti.

"Sasa hii naifahamu," alisema.

Mafaili kumi na moja yakarudi juu. Nikavuta la binti yangu. Skrini ikazima.

"Mnaona?" alisema Bwana Utaratibu. "Yamekuwa kumi."

"Nje kuna mawe," alisema mama mwenye mtoto. "Nikuletee?"

"Jiwe si mali ya ofisi. Halina namba."

"Mimi ninayo," nilisema. "Namba yangu ya utumishi iko kwenye kitabu chako." Nikaweka viwiko viwili juu ya yale mafaili na kuyalalia kwa uzito wangu wote. Skrini ikawaka.

Alifungua kitabu. Aliitafuta namba yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, akaipata. Kisha akalivuta faili la binti yangu na kuanza kuandika, kwa vidole viwili, kisha printa ya pembeni ikaanza kukohoa. Saa tano na robo cheti kilitoka. Binti yangu alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma mara mbili.

"Twende, baba."

Niliinuka. Skrini ikazima, na benchi zima likanigeukia.

"Shemeji, unakwenda wapi?" alisema mama mwenye mtoto. "Wa kwako amepata, sisi ni nani? Lala hapo."

Nikalala tena. Binti yangu alinisogezea fomu ya shule, akanionyesha mahali pa sahihi ya mzazi. Niliweka sahihi nikiwa nimelalia kompyuta, kifua kinatikisika, mkono unatikisika, kalamu inaruka. Ilitoka kama alama ya mjusi aliyekimbia kwenye matope.

"Baba, hii watasema nimeighushi."

"Waambie babako alikuwa kazini. Kimbia."

Aliandikishwa saa sita kasoro dakika kumi. Mwalimu aliitazama ile sahihi kwa muda mrefu, akamuuliza kama mzazi wake ni mgonjwa. Binti yangu akasema hapana, ni mtumishi wa serikali. Mwalimu akagonga muhuri bila swali jingine. Haya yote alinisimulia alipopitia ofisini saa tisa, akaketi sakafuni karibu na meza na kunisubiri, kwa sababu bado kulikuwa na watu wawili kwenye benchi.