Chumba Kinachotwanga

Katika nyumba ya Mzee Maganga pale Majengo, Kahama, hakuna siri inayodumu. Vyumba vimetazamana, ua ni wa wote, na kuta ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mwanzo, "pole" inatoka chumba cha mwisho. Ndiyo maana wapangaji wote walijua kuwa Paskalia anatwanga. Alikuwa na meza ya nyanya na dagaa sokoni. Akirudi mchana anakula, anashusha pazia la mlangoni, na haupiti muda inaanza: ti, ti, ti. Kinu cha chuma. Halafu kimya kidogo, halafu maji yanasukwasukwa kwenye beseni.

Sasa, ingekuwa Tanga au Iringa, watu wangesikia kinu wakafikiria karanga. Kahama siyo hivyo. Kahama na ukanda wote ule mpaka Geita, mtu akitwanga kwenye kinu cha chuma kisha akasuka maji, hakuna anayeuliza anapika nini. Wanauliza mawe kayatoa wapi. Mchimbaji akilitilia jiwe shaka hulibeba mpaka nyumbani, hulitwanga likawa unga, huuosha ule unga kwenye karai, na kinachobaki chini ndicho kinachoamua kama mwaka huu anaezeka bati au anarudi shimoni na viatu vyake vya mwaka juzi. Na Deusdedit, mume wa Paskalia, ni mchimbaji. Alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, upande wa Geita, na kila akija likizo anashuka kwenye basi na vifuko vidogo vya udongo, vimefungwa fundo mara mbili. Mkewe anavipokea kwa mikono yote, anatabasamu, anavifungia ndani kwa kufuli. Hebu niambie, hapo jirani mwenye akili zake timamu afikirie nini?

Kumbe maskini Paskalia alikuwa anachora.

Udongo ndio uliokuwa rangi zake. Kulikuwa na mwekundu, na wa njano, na mweupe, na ule wa kijivu unaotolewa chini kabisa ya duara, na mweusi wa mbugani aliokwenda kuuchota mwenyewe kwao Tinde. Aliutwanga, akauchuja kwa kipande cha shifoni, akausuuza mpaka mchanga ukajitenga, kisha akaukoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Alichora kwa vidole na kwa mswaki uliochakaa, juu ya vipande vya plaiwudi alivyopewa na seremala wa mtaa wa pili. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, kabati na jiko, basi. Picha zilikaa mvunguni na nyuma ya kabati. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia akae achorwe, aliwachora majirani zake, akiwachungulia kwenye upenyo wa pazia. Bhoke wa chumba cha pili akigeuza maandazi. Chacha, mume wa Bhoke, amelala kwenye mkeka na redio tumboni. Ua mzima ulikuwa mvunguni mwake, na wenyewe hawana habari.

Hakuwahi kumwonyesha mtu isipokuwa Deusdedit. Mwaka alioolewa, wifi yake aliikuta picha moja, akaibeba mpaka jikoni kwenye shughuli ya kipaimara, akaipitisha kwa wanawake mmoja mmoja. "Njooni mwone, kaka yangu kaoa mtoto. Anachezea matope!" Wanawake walicheka mpaka wali ukashika chini. Paskalia naye alicheka, angefanyaje, lakini kile kicheko kilimwingia na hakikutoka tena. Toka hapo hachori mpaka ashushe pazia.

Jumatatu moja Mzee Maganga mwenyewe akaja kubisha hodi. Huyu mzee alikuwa mrefu, mkavu, kofia haimtoki kichwani, na katika wapangaji wake hakuna aliyewahi kusema ameyaona meno yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu. Mwanao Mihayo hajambo huko kwa bibi yake?"

"Hajambo, baba."

"Haya. Hiki chumba nakihitaji. Ikifika Jumamosi uwe umehama."

Paskalia akadhani hakusikia vizuri. "Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa kitu. Nataka kutengeneza sakafu." Akasema hivyo huku akiigonga ile sakafu kwa kisigino, ameinamisha sikio, na sakafu haikuwa na ufa hata mmoja. Kisha akaaga akaondoka.

Paskalia alikaa kitandani. Vyumba Kahama havikosekani, lakini chumba chenye dirisha lile alikuwa hajawahi kukipata maishani. Jua liliingia asubuhi likakaa mpaka jioni, na alijua ukutani linapita wapi saa ngapi. Mahali pengine alikowahi kupanga alichorea kwenye giza, kila mtu akatoka na sura ya kuumwa. Akikitoka chumba hiki, aliona wazi, kuchora kumekwisha. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaenda kuinjika maharage.

Aliyemfumbua macho ni Bhoke. Alikuja jioni ile na sahani ya maandazi, lakini aliishikilia, hakuitoa.

"Mama Mihayo, mimi nakupenda, ila wewe ni mchoyo."

"Mchoyo wa nini tena?"

"Limetema humu ndani, na unatuangalia tu tukipata shida na mafuta ya kukaangia."

"Limetema nini?"

"Dhahabu! Kutwa unatwanga, kutwa unaosha. Masudi, yule dalali wa dhahabu, keshamwambia mzee kuna mkanda wake unapita chini ya chumba chako. Hebu leta vidole." Akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kwenye kucha za Paskalia kulikuwa na vumbi la ulanga, lile linalometameta halafu halina bei. "Hii nini? Unga wa sembe?"

Paskalia alicheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Bhoke, ile siyo dhahabu."

"Ndivyo wanavyosema wote wenye dhahabu," Bhoke akajibu, akampa andazi moja tu, akaondoka na sahani yake.

Paskalia akampigia simu Deusdedit. Huko maduarani mtandao unakuja na kuondoka, ikabidi wapigizane kelele.

"Si uwaonyeshe!" Deusdedit akasema.

"Watanicheka!"

"Wacheke! Kuchekwa na kuhamishwa, kipi bora?"

Paskalia akasingizia mtandao, akakata. Aliwaza swali hilo wiki nzima, akiwa kwenye nyanya, akiwa kwenye dagaa, na kwa kweli kuna saa aliona afadhali kuhamishwa.

Jumamosi ilipofika alikuwa hajafunga hata mzigo mmoja. Aliamka, akafagia uani, akaanza kutoa picha moja moja na kuziegemeza ukutani. Ya Chacha ilimponyoka, ikaanguka kifudifudi. Moja aliibakiza mlangoni, imefunikwa khanga, kwa kuwa ilikuwa bado mbichi na kwa kuwa alimwogopa mwenye sura ile.

Wapangaji wakatoka. Mwanzo walitazama tu, na Paskalia akaona miguu inataka kumkimbiza. Halafu Bhoke akapiga ukelele.

"Huyu si mimi huyu! Jamani, na karai langu lenye tundu! Lakini mbona shingo nene hivi?"

"Shingo ni hiyohiyo," akasema Chacha.

"Nyamaza wewe, kalale na redio yako kama alivyokuchora."

Uani pakalipuka vicheko. Paskalia akavitegea sikio kwa woga, akitafuta kile cha jikoni cha wifi yake, hakukisikia. Watu walikuwa wanavutana mikono, wanaitana, wanasimama kando ya picha zao wapimwe nani kafanana zaidi. Mama mmoja wa chumba cha kona alimnyang'anya mwenzake picha yake, akaingia nayo ndani, ukasikika msumari ukigongwa ukutani. Furaha ilimjaa Paskalia mpaka akakosa pa kuweka mikono. Miaka yote ile alikuwa anawaogopa watu hawahawa!

Ndipo Mzee Maganga akaingia, na nyuma yake Masudi dalali, kabeba sururu mbili na karai.

Paskalia akamwendea mbio. "Baba, shikamoo, njoo uone ninachotwangia. Ni picha, baba."

Mzee akapita mbele ya picha zote, mikono nyuma, kama anakagua bati. "Nzuri," akasema. "Haya, hicho kitanda kitolewe."

"Lakini baba, umeona mwenyewe..."

"Nimeona. Mtu akipata mali hakosi cha kuifunikia."

Masudi kwa kazi yake hana macho ya kupitwa na kitu kinachong'aa. Aliinama mlangoni, akagusa pembe ya ile picha ya khanga. "Mzee. Hii inawaka."

Bhoke mwenyewe akashusha kijiko cha maandazi.

"Hiyo mbichi," Paskalia akasema. "Hapo ni ulanga tu. Baba, itazame kwanza."

"Yaya," Mzee Maganga akakataa. "Picha nimetazama za kutosha. Hii iliyofichwa ndiyo tutakayoiosha."

"Itazame kwanza, baba, nakuomba."

"Unaniomba ya nini kama haina kitu?"

Hapo Paskalia akapandwa na hasira. Alikuwa amewatolea roho yake nje, ameiegemeza ukutani kila mtu aione, na bado anaitwa mwongo mlangoni pake. "Basi osha," akasema.

Wazee wa kazi ile wana utaratibu wao. Unga ukioshwa, hata punje isidondoke nje. Kwa hiyo Mzee Maganga, ambaye hakumwamini Masudi na karai lake, alikunja mikono ya shati, akaichukua plaiwudi pamoja na khanga yake, akaiinamisha uso chini juu ya karai, ndipo akaivuta khanga. Masudi akamimina maji. Mzee akasugua kwa kiganja kutoka chini, akasugua tena, na udongo ukashuka mwekundu, ukashuka wa njano. Paskalia akageuka kando kwa uchungu.

Masudi akasuka. Wakamzunguka wote, vichwa vikagongana. Akamwaga maji kidogo kidogo, akazungusha, akamwaga kwenye beseni, mpaka chini pakabaki mstari mwembamba unaometameta. Akaupuliza. Ukaruka.

"Weupe," akasema. "Ulanga mtupu, mzee."

Chacha, kwa kutokuwa na la kufanya, aliiokota plaiwudi akaigeuza. Maji hayakuwa yameimaliza. Chini pembeni palibaki jozi ya viatu vilivyokanyagwa visigino, na juu palibaki kofia. Aliitazama kofia, akatazama kichwa cha Mzee Maganga. Watu wengine wakatazama miguuni kwake.

"Mzee," Chacha akasema taratibu, "umejiosha."

Hakuna aliyecheka. Mzee Maganga aliichukua plaiwudi, akaishika mbali kidogo na macho, akaishika karibu. Kati ya kofia na viatu hapakuwa na kitu, mbao tupu yenye michirizi. Akachuchumaa, akalitazama lile beseni alimomwagiwa yeye mwenyewe.

"Nilikuwaje?" akauliza.

Wapangaji wakatazamana. Kati yao hakuna aliyekuwa ameiona. Alijua Paskalia peke yake.

"Ulikuwa unacheka, baba."

"Huyu?" neno likamtoka Bhoke.

"Siku ile ulipokuja kukagua bati," Paskalia akasema, na hasira yote ilikuwa imemwisha, ikabaki huruma. "Ulikaa kwenye ndoo, ukadhani hapa uani hakuna mtu. Kifaranga cha Bhoke kikapanda kwenye kiatu chako, kikakichafua. Ukakitazama, nacho kikakutazama. Ulicheka, baba, mpaka ukavua kofia ukafutia machozi. Huo ulanga ulikuwa jua, ukutani nyuma yako."

Mzee Maganga aliilaza plaiwudi magotini. "Nina picha moja tu," akasema, "ya kitambulisho. Humo nimenuna, utadhani nimekamatwa. Mama wa watoto wangu alikuwa akiniambia, ukicheka unakuwa mtu mwingine. Mimi sijawahi kumwona huyo mtu." Akaigusa mbao pale palipokuwa na uso. "Nilikuwa naye mkononi sasa hivi."

Masudi alikwisha kuzibeba sururu zake, yuko getini.

"Unaweza kumchora tena?" Mzee akauliza.

"Naweza. Ila leo ni Jumamosi, baba. Nahama."

Ua wote ukamgeukia mzee. Yeye akainuka kwa kushika magoti, akakiingiza kichwa ndani ya kile chumba, akaitazama ile sakafu nzima isiyo na ufa, na lile dirisha, na jua lilivyolala kitandani. Akatoka, akaivuta ndoo ya Bhoke, akaipindua, akaikalia.

"Anahama nani?" akasema. "Chora."

Vifuko vya Deusdedit vilikuwa vimebaki vitupu. Udongo wote mzuri uliokuwamo ulikwenda kwenye picha ile. Paskalia akainama, akachovya vidole kwenye beseni, chini kule ulikotulia udongo wa mzee, laini, umeshachujwa na kuoshwa, akaanza upya kwenye plaiwudi ileile, chini ya kofia iliyobaki, na masikio.