Onja Kwanza

Polisi wa kaunta alifunua hotipoti, akanusa, akaisukuma mbele yetu na kusema, "Onja."

Hiyo ndiyo kanuni ya kituo. Aliyeleta chakula cha mahabusu aonje kwanza, ameze mbele ya macho ya serikali, ndipo chakula kiingie ndani. Wanaogopa sumu, wanaogopa vidonge, wanaogopa wanachokijua wenyewe. Siku hiyo ya kwanza aliyeambiwa aonje ni Bi Zulekha, mama wa kijana aliyekuwa ndani, na Bi Zulekha alikuwa amefunga. Ilikuwa Ramadhani, saa saba mchana, jua la Kariakoo linaunguza mpaka nyayo.

"Nimefunga, baba," alisema.

"Na mimi nimefunga, mama," polisi akajibu. Jina lake Bakili, mtu wa kusini kwa lafudhi yake, na midomo ilikuwa imemkauka kweli. "Lakini kanuni ni kanuni. Huonji, hakiingii."

Bi Zulekha akanitazama. Mimi ni Elieshi, Mpare, Mlutheri, na sijawahi kufunga kitu zaidi ya mdomo wangu mbele ya bosi. Nikachukua kijiko, nikameza wali wa nazi mbele ya watu wawili waliokuwa na kiu tangu alfajiri. Niliona aibu kana kwamba nimemwibia mtu daku yake. Chakula kikaingia.

Nafanya kazi katika shirika la haki za binadamu. Msilitafute jina, ni dogo. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne juu ya duka la vitenge, na lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Tuna fulana zimeandikwa "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni", maboksi mawili yamejaa, panya wanazaliana humo. Miaka yote hii nimewafundisha watu wa sokoni kwamba mtu akikamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanaondoka. Saa ishirini na nne! Sijui ni saa za nchi gani hizo. Nimechoka, nasema ukweli wa Mungu. Kuna siku napanda zile ngazi nikiomba nikute mlango umefungwa na tangazo limebandikwa kwamba shirika limekufa, kila mtu arudi kwao.

Shukuru, mtoto wa Bi Zulekha, anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Aliwakuta mgambo wakibeba meza za wamachinga, akatoa simu akarekodi. Wakasema anamzuia ofisa kufanya kazi yake. Simu ikaenda na yeye akaenda. Kesi kama hizo ninazo nyingi, lakini Shukuru ana vidonda vya tumbo. Mwaka jana alitapika damu, akalazwa, na daktari akamkataza kabisa kukaa na njaa, hata Ramadhani asifunge. Mle mahabusu hakuna jiko. Usipoletewa chakula na ndugu, umekula hewa. Kwa hiyo mama yake alikuwa anapika akiwa na njaa, analeta akiwa na njaa, na mimi naonja kwa niaba yake. Hiyo ndiyo sheria niliyoisomea.

Kila siku niliuliza swali lile lile. "Afande, Shukuru anapelekwa mahakamani lini?"

"Upelelezi unaendelea, sista."

Nikamwandikia barua mkuu wa kituo. Dua la kuku halimpati mwewe. Nikaomba nimwone kijana, nikaambiwa mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria tu, nimlete wakili. Na wakili wetu mmoja wa kujitolea alikuwa Dodoma, kwenye kongamano la upatikanaji wa haki. Ucheke au ulie, shauri yako.

Kilichobaki kutupa habari za Shukuru ni hotipoti. Jioni tulikuwa tunaifuata. Siku za mwanzo ilirudi na wali kidogo, tonge moja hivi, limebaki pembeni. Nilisikitika.

"Hali chakula vizuri," nilimwambia Bi Zulekha. "Tumbo linamsumbua."

Yeye alilitazama lile tonge, akafunika, na uso wake ukatulia. Sikulitilia maanani.

Kisha siku moja hotipoti ikarudi nyeupe pee, hata punje hakuna. Nilifurahi jamani. Nilimshika Bi Zulekha bega pale pale barabara ya Msimbazi, nje ya kituo, watu wanatupita na mizigo yao vichwani. "Anakula, Bi Zulekha! Leo kamaliza chote!"

Alisimama. Alifunua tena, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Kamaliza."

Akafunika, akaondoka bila kuniaga, na mimi nikadhani ni saumu imemkaba. Siku ya pili yake ikarudi nyeupe tena. Nikafurahi tena, peke yangu.

Mchana uliofuata hakunisubiri kituoni kama tulivyozoea. Nilimkuta ofisini kwetu, amekaa kwenye ngazi ya mwisho kabisa, hotipoti mapajani, anahema.

"Shikamoo, Bi Zulekha. Ngazi zote hizi na funga yako?"

"Marahaba, mwanangu. Shukuru hayupo pale."

"Nani kakwambia?"

Akagonga kifuniko cha hotipoti kwa ukucha. "Hii. Baba yake alipofariki Shukuru alikuwa mdogo, na ndani hamna kitu. Nikawa nampa chakula yeye, mimi nakunywa maji, namwambia nimeshakula. Akanigundua. Tangu hapo hamalizi sahani. Lazima afinyange tonge moja aliweke pembeni, aseme, 'Mama, nimeshiba, malizia.' Saa hizi ni mtu mzima ana ndevu, na bado anafanya hivyo. Hata hospitali, anatapika damu, uji wangu alinibakishia. Hawezi kumaliza, Elieshi. Huyo anayemaliza si yeye."

"Umejua tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana, mwanangu. Nikasema labda njaa imemzidi. Nikajidanganya na mimi, siku mbili."

Nilikaa chini, nikajiegemeza ukutani. Kama Shukuru hayupo pale, basi popote alipo hakuna aliyempelekea chakula tangu juzi. Na mimi nilikuwa barabarani nashangilia hotipoti tupu. Nilitamani kumpiga mtu, na wa kwanza kupigwa ningekuwa mimi.

Bakili alipotuona alijua. Alianza kupanga kalamu zake.

"Shukuru yuko wapi?" nikauliza.

"Alihamishwa usiku wa kuamkia juzi. Yuko ng'ambo, Kigamboni. Amri ilitoka juu."

"Siku zote hizi unatutazama machoni, mbona hukusema?"

"Hukuuliza kama yupo, sista. Uliuliza anapelekwa mahakamani lini."

Alisema kweli. Nilikuwa nauliza kama mtu anayesali rozari, mdomo unakwenda na akili imelala. "Na chakula?" nikasema. "Chakula cha mgonjwa mlikipeleka wapi?"

Bakili akashusha sauti. "Kuna mtu mle ndani katoka Tandahimba kutafuta kazi. Hapa mjini hana ndugu hata mmoja. Tangu aingie hajaletewa kitu. Nikampa yeye. Ningesema Shukuru kahama, mngeacha kuleta."

Nilishavuta pumzi ya kumwaga hotuba yote, na vifungu vyake. Bi Zulekha akaniwahi.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Anamaliza mpaka analamba."

"Haya." Akafunua hotipoti, akachukua kijiko, akagawa wali na samaki katikati, akapakua nusu kwenye kifuniko. "Mpe na leo. Hii nyingine ina mwenyewe."

Bakili alipokea kwa mikono miwili. Hakusema onja.

Tulisubiri karatasi ya kuthibitisha kwamba Shukuru amehamishwa. Tulisubiri mpaka saa kumi, haikutoka, tukaondoka. Kwenye kivuko cha Magogoni foleni ilikuwa ya watu wanaowahi kufuturu makwao, kila mmoja na mfuko wake wa tende na tambi. Bi Zulekha alikumbatia hotipoti, ameifunga kwa kanga mahali pa kifuniko, asiachie mtu aiguse. Kwenye pantoni nilimwambia akae kwenye benchi. Akakataa, akasema akikaa atalala.

Kituo cha ng'ambo kaunta yake ilikuwa na polisi mwanamke, kijana, amechoka kama sisi.

"Shukuru nani? Siwezi kukuambia nani yupo na nani hayupo, dada. Mkuu katoka. Njoo kesho."

"Ni mgonjwa. Tumemletea chakula."

"Chakula nipe. Akiwepo atakula." Akavuta hotipoti, akaitazama, akairudisha. "Onja kwanza."

Nilishanyoosha mkono kwenye kijiko, ndiyo kazi yangu. Hapo ndipo adhana ya magharibi ikalia kutoka msikiti wa nyuma ya kituo. Bi Zulekha akanishika mkono, akafungua kanga, akachukua kijiko.

"Leo naonja mwenyewe," alisema.

Akasema bismillahi, akala. Kitu cha kwanza kupita kooni mwake tangu alfajiri kilikuwa chakula cha mwanawe, amesimama kaunta ya polisi. Yule binti akageuza uso pembeni. Kisha akabeba hotipoti, akapotelea ndani, mlango wa chuma ukajibamiza.

Tukakaa kwenye benchi. Sijawahi kuogopa chombo cha jikoni namna ile. Ikirudi imejaa, Shukuru hayupo, au yupo na hawezi kula. Ikirudi nyeupe, amekula mwingine. Vitabu vyote vya sheria nilivyobeba maishani, na sasa nasubiri hotipoti inipe majibu. Bi Zulekha alikuwa anahesabu tasbihi kwa vidole, anakosea, anaanza upya.

Binti akarudi. Aliweka hotipoti kaunta, imefungwa tena kwa kanga.

Bi Zulekha hakuweza kuifungua ile kanga. Alinisukumia mimi. Nikafungua fundo, nikafunua.

Lilikuwepo. Tonge moja la wali, limefinyangwa, alama za vidole zinaonekana, limeegeshwa pembeni.

Nikamwonyesha. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mtu mzima na kitambulisho cha shirika shingoni. Yeye hakulia. Alilichukua tonge, akalimega katikati, nusu akatia kinywani mwake, nusu akanishikisha.

"Onja," aliniambia. "Tangu mchana na wewe hujala."