Shairi la Bwana Pyo

Tangu ana miaka kumi na mitano, Ryeonok alikuwa akiimba na kupiga zeze kwenye karamu za wakubwa wa mji wa Miryang. Kazi haikumchosha. Kilichomkera ni mashairi yake: aliyatunga yeye, lakini yakifika karamuni yalikuwa ya bwana fulani.

Safari hii bwana mwenyewe alikuwa Pyo, mkuu mpya wa wilaya. Gavana wa mkoa alikuwa anakuja, na kila ofisa alitakiwa asome shairi lake.

"Nitungie la kuliza watu," Pyo alimwamuru. "Na mdomo uufunge."

Ryeonok akatunga, akampelekea. "Lipitie kwanza, bwana mkubwa."

"Unanifundisha kusoma, wewe binti?" Akalitumbukiza ndani ya mkono wa joho lake.

Siku ya karamu, wageni wakila samaki na vitumbua vya mchele kwenye banda la mtoni, Pyo alisimama, akakohoa, akasoma kwa sauti nene:

*Upindo wa sketi yangu umelowa umande,*
*nakungoja langoni, umelala kwa mwingine.*
*Hata jogoo kaniona, kanicheka.*

Ofisa mmoja akapaliwa na pombe.

"Sketi ya nani?" Gavana akauliza.

Pyo aliikodolea karatasi macho. Jasho likamchuruzika. "Ya... yangu, Mheshimiwa."

"Yako! Na huyo aliyekuacha langoni ni mwanamume gani?"

Banda zima likaangua kicheko. Ryeonok, aliyeketi kando na zeze lake, alijiuma mdomo. Aliandika kama mwanamke, alivyozoea, hakukusudia mtego. Au labda alikusudia kidogo.

"Haya, malizia," Gavana alisema. "Aliporudi ulimfanyaje?"

Pyo akamwinamia Ryeonok. "Nisaidie, dada yangu!"

"Shairi la nani, bwana mkubwa?" naye akanong'ona.

"Lako! Lako!" Pyo alipayuka, hata wapishi wakasikia.

Hapo Ryeonok akavuta zeze, akaimba:

*Aliporudi nilimfungulia lango,*
*nikamtupia sketi, aianike mwenyewe.*

Gavana alicheka hadi kofia ikamwenda upande. Akaagiza kalamu, na chini ya shairi akaandika kwa mkono wake: Ryeonok wa Miryang. Wino ulipokauka, akamkabidhi karatasi.

Njiani kurudi nyumbani Ryeonok alisimama mara tatu kuifungua. Shairi alilijua kwa moyo. Alikuwa akisoma jina.