Kura ya Ini la Bathsheba

Masese alitoka kwa Daktari Apiyo mjini Kisii akicheka peke yake kama mtu aliyeokota ng'ombe. Aliyemsalimu aliitikiwa mara tatu.

Mkewe Bathsheba alikufa kwa saratani ya ini miaka miwili iliyopita. Kwao Marani, Wasabato waliamini ini haliozi bila pombe. Wazee wa kanisa, mabingwa wa kila kitu isipokuwa ukweli, wakasema anakunywa kwa siri. Wakaitisha kura, mikono ikainuka, akafutwa jina kitabuni mwa washiriki angali kitandani. Hospitali nayo, yenye wakubwa wa kula posho tu, haikumfafanulia Masese neno.

Leo Masese alikuwa amekwenda kupima tumbo lake.

"Mzee, si saratani. Lakini ini lako lina mafuta."

"Mafuta? Sijaonja hata pombe ya busaa!"

"Hata soda na chai ya vijiko vitano hujaza mafuta. Seli za ini zikiumia, hutuma ujumbe kwa wenzao: zaeni, zibeni kidonda! Kidonda kikipona, ujumbe hukoma. Mafuta yasipotoka, hakiponi. Zaeni, zaeni! Mwishowe seli moja huharibika, ikiambiwa basi, haisikii. Hapo saratani huanza."

"Kama mwenyekiti asiyetaka kushuka jukwaani!"

Daktari akaangua kicheko. Masese akachomoa faili la mkewe. Daktari akalisoma lote: kisukari, ini la mafuta, hakuna dalili ya pombe.

"Andika hivyo, mama. Na ugonge muhuri."

Sabato ilipofika, Masese alivaa suti ya harusi akaingia kanisani karibu acheze. Mzee wa kanisa, Mogaka, alikuwa anasoma matangazo.

"Baba Lorna, keti," akamwamuru Masese.

"Nimekaa miaka miwili!"

Masese akasoma barua ya daktari mpaka muhuri. Kisha Kemuma, mpishi wa kanisa, akapaza sauti: "Kumbe alichokunywa ni chai ya mikutano yenu! Nilikuwa natia sukari mimi mwenyewe!"

Kicheko kikapasuka hadi kwenye kwaya.

"Mlioinua mikono kumtoa," Masese akasema, machozi na meno vikionekana pamoja, "inueni kumrudisha."

Mikono ikapanda kama majani ya chai baada ya mvua. Wa Mogaka ulichelewa, lakini ulipanda. Akaandika jina la Bathsheba kitabuni polepole, kisha akamwinamia Masese, vifungo vya koti vikilia tumboni.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "huyo daktari yuko siku gani?"