Kioo Hakipandi Gari

Mtu akimiliki gari miaka tisa, halafu siku moja injini ikanoki na fundi akamwambia aliuze kwa kilo, husahau kwamba alizaliwa na miguu. Ndivyo ilivyomkuta Dereva. Jina hilo alipewa na wenzake wa kijiwe cha teksi, likamganda mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo, na gari lilipokwenda, jina halikwenda nalo. Kila alikopita aliambiwa, "Pole, Dereva." Muuza magazeti pole, kinyozi pole, hata mtoto wa jirani ambaye meno ya mbele hayajarudi, naye pole. Miezi minne ya pole, jamani, inachosha kuliko njaa.

Kazi aliitafuta, asije mtu akamsingizia uvivu. Ila kila mlango aliobisha alianza kwa kutaja asichonacho: "Mimi ni dereva, lakini sina gari." Na ukijitambulisha kwa pengo, watu wataona pengo tu. Walimtazama, wakamhurumia, wakamfungulia mlango wa kutokea.

Aliyemkatiza ni shangazi yake. Mama huyu, dada wa marehemu baba yake, alikuwa na kazi moja miaka thelathini: kubeba vioo kwa miguu kutoka duka la vioo mpaka vinakotakiwa. Vya madirisha, vya makabati, vya saluni. Dereva alilijua hilo tangu utotoni, lakini hakuwahi kulitazama. Kwake shangazi alikuwa mama anayetembea sana, basi.

"Bega langu la kushoto limeanza kuniletea maneno," Shangazi alimwambia, amesimama mlangoni, kiti hakitaki. "Na kesho kuna kioo cha watu wawili. Utakuja, baba, au utaendelea kulilia chuma?"

"Shangazi, kioo kikubwa si wakodi gari?"

Shangazi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Gari! Kamuulize mwenye duka gari limemfanya nini."

Asubuhi wakaenda, na mwenye duka hakuhitaji kuulizwa. Hospitali ilikuwa imeagiza vioo sita vya kujitazamia, vya ukutani. Barabara ya huko imechimbwa kwa ajili ya mabomba, mashimo kila hatua, na lori lililopeleka vioo viwili vya kwanza lilifikisha chenga. Chenga tupu, alisema, ungeweza kuzizoa kwa beleshi.

"Sasa sikiliza, Shangazi," akasema. Mji mzima ulimwita Shangazi. "Hiki kikifika kizima, vyote sita utabeba wewe, na kazi ya hospitali ni yako. Kikipasuka, nitawaita wale wa kampuni yenye makasha ya mbao. Na hao wakishaingia hapa, sitakuwa na kioo cha kukupa, hata cha kunyolea."

"Sawa," alisema Shangazi. Lakini Dereva alimwona akimeza mate, na hapo akaelewa anachokwenda kubeba. Miaka thelathini ya mtu ilikuwa imeegemezwa ukutani pale, na nusu ya uzito ingekuwa mikononi mwake.

Lo, kilikuwa kioo! Kirefu kuliko mlango, kipana kama kitanda. Shangazi alikisogelea, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Akagonga pembe ya pili, ya tatu, ya nne.

"Kizima," akasema. "Kikiwa na ufa uliojificha, sauti inakuwa kavu."

Dereva naye akagonga. Alisikia kioo tu. Akagonga tena, akamtazama shangazi yake kama ndiyo kwanza wanajuana.

"Kioo hakilazwi," Shangazi alianza kumfundisha huku akipitisha mikanda mipana chini yake. "Ukikilaza, kinapinda katikati kwa uzito wake na kinakufa bila kukuaga. Kinabebwa kimesimama kwa ubavu. Mimi mbele, wewe nyuma, mkanda begani, mkono mmoja juu. Tukipumzika, hakigusi ardhi, kinakaa juu ya hivi." Akamwonyesha vigogo viwili vilivyovishwa zulia kuukuu. "Kokoto moja tu chini yake, kwisha habari. Na uso wake tunauelekeza kwetu. Ukiuelekeza barabarani, jua litampiga mwenye gari machoni, na wewe unajua dereva asiyeona hufanya nini."

"Najua."

"Maneno ni mawili. 'Haya' ni kwenda. 'Pole' ni kusimama papo hapo, mguu usimalize hata hatua."

"Pole?" Dereva alikunja uso. "Shangazi, kwa nini lisiwe 'simama'?"

"'Simama' anaipaza kila mtu barabarani, baba. Nikiitii hiyo sitafika popote."

Basi wakatoka. Mita mia za kwanza Dereva alikuwa na shughuli ya kupumua tu. Kisha akageuza macho kidogo, akajiona. Hakuna pa kujificha ukiwa umebeba kioo kilichokutazama wewe. Yule pale, mwanamume mzima, jasho limemchuruzika, viatu vimejaa vumbi, anakwenda kwa miguu mchana kweupe. Alijionea haya hata yeye mwenyewe.

"Umebadilisha mguu," alisema Shangazi bila kugeuka.

Alikuwa amebadilisha kweli. "Umejuaje?"

"Kimeniambia." Akapapasa ukingo wa kioo kwa vidole viwili. "Mguu wako ukienda kinyume na wangu, kinatetemeka. Ukikanyaga kisigino kwa nguvu, kinatetemeka kwingine. Umeamka na kiuno kinauma?"

Dereva alikuwa ameamka na kiuno. Mwili ulimsisimka, nakwambia, kwa sababu aliendesha gari miaka tisa na injini ikafa chini ya makalio yake bila yeye kusikia, na huyu mama anasoma kiuno cha mtu kupitia kioo.

Wakaoanisha hatua. Na hatua zilipokaa sawa, mtetemo ukaisha, uzito ukapungua, wallahi ukapungua. Akathubutu kutazama tena, safari hii juu zaidi ya uso wake. Mbingu yote ilikuwa mle ndani. Mawingu meupe, nyaya za umeme, ndege wawili, paa za mabati, vyote vikipita taratibu kwa mwendo wa miguu yao. Miaka tisa alipita mtaa huu akiutazama mkia wa gari la mbele. Hakuwahi kujua kwamba juu ya duka la dawa kuna madirisha ya rangi, wala kwamba mbingu ya mtaa huu ni pana hivi.

"Mungu wangu," alinong'ona.

"Eeh," Shangazi alimjibu. "Ndiyo maana sijaacha."

Makutano ya barabara kubwa yalipokaribia, Dereva akainamisha kichwa. Ng'ambo ya pili palikuwa na kijiwe chao cha teksi. Aliomba wazungukie uchochoroni. Shangazi akakataa katakata: uchochoro una ngazi na mtaro, na kioo hakina habari na aibu ya mtu. Taa zilipowaruhusu akasema, "Haya," wakaingia barabarani, na Dereva akaomba ardhi ipasuke immeze.

Wako katikati kabisa ndipo Breki alipomwona. Huyu Breki alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha maiti na moyo laini kuliko mkate. Akatoa kichwa dirishani, akaona rafiki yake amefungwa mikanda nyuma ya kikongwe, machozi yakamlenga.

"Masikini Dereva!" akapaza sauti. "Pole!"

Shangazi akasimama papo hapo. Mguu wake haukumaliza hatua. Na miguu ya Dereva, iliyotii neno hilo saa nzima, ikasimama yenyewe kabla kichwa hakijaelewa.

Pikipiki iliyopuuza taa nyekundu ikapita mbele ya pua ya Shangazi. Ilipita karibu kiasi kwamba upepo wake ulipeperusha ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na kioo kikatoa mvumo mrefu, mzito, ambao Dereva aliusikia mpaka kwenye meno. Hatua moja zaidi, nusu hatua, wangezoa vipande, na si vya kioo peke yake.

Makutano yote yakanyamaza. Taa zikabadilika na hakuna gari lililosogea. Madereva walikuwa wamekodoa macho kumtazama bibi aliyesimama kwenye mguu mmoja na ncha ya mwingine, kioo kikubwa kuliko mlango hakijainama hata kidogo. Kisha Breki akashuka, akakimbia na kitambi chake mpaka katikati ya barabara, akanyoosha mikono kuzuia magari yaliyokwisha kuzuilika.

"Haya," alisema Shangazi.

Ng'ambo akauliza, "Nani yule aliyetusimamisha? Ana macho ya mwewe."

"Hakuiona pikipiki, Shangazi. Alikuwa ananihurumia."

Shangazi alifikiri hatua tatu nzima, halafu bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko. "Nyamaza, usinichekeshe, kitavunjika!" akasema, ijapokuwa aliyekuwa anacheka ni yeye.

Kioo kilifika kizima. Pale hospitali Shangazi alikigonga pembe zote nne, akatabasamu, akamwelekeza fundi wa hospitali aweke mpira kati ya kioo na ukuta. Karani wa stoo akampigia simu mwenye duka kumthibitishia. Mwenye duka akauliza mara mbili kama kweli ni kizima, akasema vitano vilivyobaki ni vya Shangazi na mwenzake. Shangazi akakaa chini kwenye benchi, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Chumba hicho cha mazoezi ya viungo kilikuwa na vyuma viwili sambamba vya kushikilia, usawa wa kiuno. Kati ya vyuma hivyo alisimama mgonjwa mmoja, fundi cherehani, mama wa makamo, mguu wake wa kulia ukiwa wa plastiki kuanzia chini ya goti. Mtaalamu wa mazoezi alieleza kwamba kwa wiki tatu mama huyo amejifunza kutembea akitazama sakafu, na anayetazama sakafu huanguka.

Fundi cherehani aliinua uso akajiona mzima kwenye kioo. Kisha akamgeukia Dereva.

"Kioo kikubwa hivi mmekileta na gari gani?"

"Kwa miguu," alisema Dereva.

"Kutoka mjini?"

"Kutoka mjini."

Yule mama alimtazama magoti, akateremka mpaka viatu vyenye vumbi, hakuwa na haraka. Kwa miaka tisa watu walilitazama gari la Dereva, na hakuna hata mmoja aliyelitazama hivyo.

"Hebu tembea hapo mbele ya kioo," akasema fundi cherehani, "nione unavyofanya."

Dereva akatembea, mpaka ukutani na kurudi.

"Kumbe kisigino kwanza," alinong'ona mama yule. "Tena."

Akaenda tena, polepole, na nyuma yake fundi cherehani akaachia chuma kimoja, akanyanyua mguu, akamfuata.