Mkondo wa Nane

Mwalimu Cassian alipokwenda kuazima enanga, ala ya muziki ya marehemu Rwegoshora, alikatazwa jambo moja tu.

"Mkondo wa mwisho usiukaze," alisema Placida, mjane wa marehemu, akimkabidhi ule ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo. Kamba yake ilikuwa moja, ya mshipa wa ng'ombe, imepitishwa mara nane toka ncha hadi ncha. Mikondo saba ilikuwa imekazwa, wa nane unaning'inia. "Ukoo ukimaliza matanga tutaukaza wenyewe. Kwa sasa ndio mlango wa mzee wa kutokea."

"Kwetu Muleba hulegezwa yote, bibi, na siku ya nne tunakaza."

"Nyinyi mkija huku mnabeba desturi zenu kama mnavyobeba senene. Hapa si Muleba, mwalimu."

Ilikuwa mwaka 1954. Cassian alikuwa amehangaika miezi kadhaa kuomba fungu la fedha ili enanga ifundishwe shuleni, akapewa la muhula mmoja tu. Rwegoshora akakubali kufundisha watoto kumi na wawili, akafa wiki ya saba, akiwa amewafikisha nusu ya wimbo wa ng'ombe waliovuka mto Kagera. Hakuna mwingine aliyeujua mpaka mwisho. Alhamisi afisa elimu angekuja kusikiliza. Akiridhika, masomo yangeendelea na kufika shule nyingine. Asiporidhika, fedha zingenunua tarumbeta.

Kwa mikondo saba wimbo ulichechemea. Jumatatu, watoto walipokwenda mapumziko, Cassian aliukaza wa nane. Kamba ikiwa moja, kukaza mkondo mmoja huvuta yote, kwa hiyo aliipitia mmoja mmoja, bila haraka, sikio kwenye ubao. Alijiambia kwamba matanga ni matanga tu, ya huku na ya kwao.

Kesho yake, saa sita mchana, ukungu ulikuwa bado haujaondoka kilimani. Komujuni, mjukuu wa Placida, alikuwa akipiga enanga amefumba macho. Cassian akasikia ubeti ambao haujawahi kufundishwa.

"Nani kakufundisha huo?"

"Babu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Wenzake wakaangua kicheko. "Komujuni kazeeka! Mpeni ugoro!"

Msichana akainua kichwa, akakohoa mara tatu, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Darasa likanyamaza. Hivyo ndivyo Rwegoshora alivyokuwa akiwanyamazisha.

Jumatano Placida alikuja shuleni, miguu yake imelowa umande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeukaza." Hakuuliza. "Mtoto amelala upande wa kitanda wa babu yake. Asubuhi ameniita kwa jina langu la usichana, ambalo hapa kijijini halijui mtu. Nimemkataza kuja, amekuja. Legeza, mwalimu. Aliyekaza ndiye hulegeza. Mkono wangu haufai."

"Kesho, bibi. Afisa akishaondoka."

"Leo."

"Anasema zimebaki beti mbili tu. Zikipotea hazirudi tena."

"Na mtoto?"

Cassian alitazama chini. Alizipima beti mbili na mtoto mmoja, na aliona wazi kipi kizito; lakini aliona pia kwamba siku moja ni fupi. "Kesho," akasema tena. Placida hakumlaani. Alikaa chini nje ya darasa, akangoja.

Alhamisi afisa aliketi na daftari magotini, na kabla ya ubeti wa tatu alikuwa amelisahau. Komujuni aliwataja ng'ombe kwa rangi zao na pembe zao, akawaingiza majini, akawatoa ng'ambo mmoja mmoja. Wenzake waliitikia mahali ambapo hawakuwahi kuonyeshwa. Mchungaji wa mwisho alipokanyaga nchi kavu, wimbo ukaisha.

"Utafundishwa Bugomora, Nyakatuntu na Nkwenda," alisema afisa, akifuta macho. "Fungu lipo."

Gari lilikuwa halijamaliza mteremko Cassian alipoufungua mkondo wa nane. Kamba ikaning'inia kama mwanzo.

Placida akapiga magoti mbele ya mjukuu wake. "Mlango uko wazi, mzee. Nenda ukapumzike."

Komujuni aliitazama kamba, kisha akamtazama bibi yake kwa upole mwingi.

"Niende wapi?" Sauti ilikuwa nzito, ya kifuani. "Watu waliniacha na wimbo huu miaka thelathini, hakuna aliyeutaka. Leo unatakwa." Akamgeukia Cassian. "Mwalimu, umemsikia bwana. Bugomora ni mbali, tutoke alfajiri."

Akaichukua enanga kwapani, akaanza kushuka kilima kwenda nyumbani, akitembea taratibu, kwa kuutunza mguu wa kushoto kama alivyotembea Rwegoshora.

Placida alibaki amepiga magoti. Akafunika kichwa kwa kanga, akaanza kulia kilio cha msiba, akimtaja Komujuni kwa jina.