Usingizi wa Mlali

Nikisafiri silali. Sisemi nalala kidogo, silali kabisa. Nyumbani Msalato nikiweka kichwa chini nimeshaondoka, lakini ugenini macho yanakaa wazi mpaka kunakucha. Na ubaya wenyewe hauanzi usiku. Unaanza saa kumi jioni, jua likishuka, nikianza kukiwaza kile kitanda cha gesti kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga, kwa hiyo safari sizikwepi. Nimejaribu mengi. Nimebeba mto wa nyumbani, wahudumu wakanicheka. Nimeacha chai, nimeoga maji ya moto, nimetembea mpaka miguu ikauma. Mke wangu Ruthu aliniambia nisiangalie saa. Nikaacha kuiangalia, nikawa nahesabu mapigo ya moyo.

Mwaka jana mwezi wa saba niliitwa Mlali na mama mmoja mjane, Restuta. Beringi za mashine yake zilikuwa zimekufa, mashine ina wiki mbili haijanguruma. Shule ya pale ilikuwa imemletea magunia kumi na mawili ya mahindi ya uji wa watoto. Mwalimu alimwambia wazi: yasagwe yote kufikia Ijumaa jioni, la sivyo anayapeleka Kongwa, na kazi ya shule itahamia huko moja kwa moja. Bila shule, mashine ile ingebaki na videbe vya majirani, na mama yule hakuwa na shamba la maana wala mtoto wa kumtumia kitu.

Nilifika Jumatano. Usiku huo sikulala. Alhamisi nikafungua mashine yote, usiku sikulala tena. Ijumaa asubuhi nikaja na spana zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

"Na hayo macho?" akauliza Anjelina, jirani yake, aliyekuwa amekaa kwenye foleni na debe miguuni. "Mama Restuta, huyu fundi wako jana alikuwa kwenye pombe."

"Sinywi."

"Basi ni mke wa mtu!"

Wanawake wote wakacheka. Mimi nikaingia chini ya mashine.

Saa nne nikawa nimemaliza kufunga. Sasa, beringi mpya haiachwi peke yake. Saa ya kwanza fundi anakaa nayo, kiganja juu ya chuma kinachoifunika. Ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kuondoa mkono, endelea. Ukishindwa, zima, legeza mkanda unaoizungusha, subiri ipoe. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Kukaza nati mtu yeyote anaweza.

"Tuanze na mahindi ya shule?" akauliza mama Restuta.

"Hapana. Nani ana kitu kidogo cha kujaribia?"

"Nina uwele debe moja," akasema Anjelina. "Wa mama mkwe. Ukiuharibu utakwenda kumweleza mwenyewe."

Siku hizi watu huleta mahindi. Uwele sikuwa nimeusaga kwa miaka mingi. Nikawasha, nikamimina, nikaweka kiganja mahali pake. Unga ukaanza kushuka wa kijivu, una moto, na harufu ikanifikia.

Mama yangu alisaga uwele kwa jiwe. Nyumba yetu ilikuwa tembe ya udongo, ng'ombe upande ule, sisi upande huu, na jiwe lilikaa kwenye kona karibu na ngozi tuliyolalia. Aliamka kabla ya jogoo, akapiga magoti, akaanza. Jiwe juu ya jiwe, mbele, nyuma, na pumzi yake katikati. Nilikuwa nazinduka, nasikia, nanusa, halafu nalala tena. Usingizi ule wa pili haukuwa na hofu ndani yake, kwa sababu mtu mzima yuko macho.

Nilipokuwa na miaka kumi, mashine ikaja kijijini. Nilikimbia kwenda kuiona, nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka darasa la tano nikaliacha njiani. Mama akalitoa jiwe nje, kuku wakawa wananywea maji. Nilifurahi, maana magoti yake yalikuwa yameota sugu. Lakini asubuhi nyumba ilikuwa kimya, nami nilikuwa naamka mara moja na kubaki macho.

Debe la Anjelina likaisha, kiganja hakijaungua. Nikasema mimineni ya shule. Nikakaa juu ya gunia, mgongo ukutani, mkono kwenye beringi. Harufu ya uwele ilikuwa bado imejaa mle ndani. Yaliyofuata nilisimuliwa.

Anjelina ndiye aliyeona mkono umeshuka na kichwa kimelalia bega.

"Fundi kalala."

"Mwamsheni," akasema mwanamke mmoja.

"Ya nini?" akasema Anjelina. "Fundi akilala ujue mashine imepona. Angekuwa na wasiwasi angelala?"

Mama Restuta akaja, akanitazama. "Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Siku ya tatu leo hajafumba jicho, anadhani sioni." Akavua kitenge alichojitanda, akanifunika mpaka kidevuni, akawaambia waongee polepole. Polepole, kando ya mashine inayonguruma! Na wao wakamtii, wakawa wanamimina mahindi kwa kunyata.

Nililala kama mtoto. Sikuota kitu.

Kilichoniamsha ni moshi wa mpira. Kisha chuma kikatoa mlio mmoja mrefu, mashine ikasimama yenyewe. Pale nilipokuwa nimeweka kiganja chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu. Asubuhi, kwa uchovu, mkanda niliukaza kupita kiasi. Dakika ya ishirini mkono ungeniambia, ningeulegeza, yangekwisha.

"Mbona hamkuniamsha?"

Hakuna aliyecheka. Mama Restuta alikiokota kitenge chake chini, akakikung'uta unga, akakikunja.

"Ulikuwa unalala vizuri," akasema.

Beringi zilikuwa zimeungua pamoja na shafti, chuma kinachozunguka ndani yake. Nilitafuta shafti nyingine Mlali yote siku ile, nikapiga simu mpaka mjini, haikupatikana. Saa kumi na nusu mwalimu akaja na pikapu. Hakugomba. Alihesabu magunia yaliyobaki, akawaambia vijana wapakie.

Nililala saa moja na dakika arobaini. Ziliungua beringi mbili, shafti moja na mkanda mmoja, nami nikavilipa vyote. Mashine ilikaa kimya siku kumi na moja zaidi. Magunia manne yalisagwa kwa mama Restuta, manane yakaenda Kongwa. Mwaka huu yameenda huko yote kumi na mawili.